Thamani Baki

Mwaka wa tatu wa shahada ya milki na majengo
nilipewa kiwanda cha magunia cha Balgarvie, Dundee:
ghorofa nne za mawe, madirisha mia mbili na kumi,
njiwa wasio na idadi.
Mwekezaji atakigeuza kuwa vyumba tisini na sita.
Kazi yangu, kuona kama hesabu zake zinasimama.

Nyumba njema si mlango, lakini kabrasha lake
lina milango kurasa tano nzima.

Lachie mlinzi alinipa kofia ngumu na onyo moja:
ubao ukilia, rudi nyuma.
Ghorofa ya tatu nikawasha kipimo cha leza,
nukta nyekundu ikatambaa ukutani kama siafu aliyeachwa na msafara.
Sakafuni palikuwa na vishimo, viwili viwili,
safu hata safu, mbao zimelika
pale wanawake waliposimama miaka tisini wakifuma
juti iliyotoka Bengali
ikaenda kubeba kahawa, pamba, mchanga wa vita.
Kwenye jedwali langu nikaandika:
sakafu ya asili, ongeza asilimia nne kwenye bei.

Bi Netta Geddes, miaka themanini na mitatu,
mashine zilimla masikio hajatimiza thelathini.
"Usinipigie kelele, mwanangu. Nigeuzie uso tu."
Mle ndani, alisema, sauti haikuwa na kazi;
tulisengenyana kwa midomo, mashine hadi mashine,
msimamizi akipita katikati yetu kama gunia tupu.
Nikamwambia chumba kidogo kabisa
kitakuwa mita za mraba thelathini na moja.
Akahesabu kwa vidole.
"Mashine tano. Na mtu atalala humo?
Kwa kimya hicho?"

Hesabu ikagoma.
Chukua thamani ya jengo lililokamilika, toa ujenzi, toa riba,
toa faida ya mwenye mradi; kinachobaki
ndicho anachoweza kulipia ardhi.
Kwangu kilibaki kidogo kuliko alicholipa.
Pengo: pauni laki nne.
Daktari Pettigrew alilizungushia wino mwekundu: Umekosea wapi?
Mikesha mitatu nikalitafuta kosa langu.
Nilirekebisha riba. Nilihesabu upya madirisha.
Njiwa, nusura niwahesabu.

Kisha mkutano wa wakazi, ukumbi wa kanisa,
biskuti zimelegea kwa unyevu.
Bwana Strachan-Hay, tai ya kijani, akasimama:
vyumba kumi na viwili vya bei nafuu, alisema,
hiyo ni ahadi.
Makofi. Akaketi. Akamwinamia mwenzake akanong'ona.

Bi Netta, safu ya nyuma, akaacha kutafuna.
Akanigusa kiwiko, akasema
kwa sauti ya mtu asiyejua sauti yake ina ukubwa gani:
"Anasema hivyo kumi na viwili
wataviondoa wakishapata kibali."

Shingo zote ziligeuka.
Yeye akachukua biskuti nyingine.

Usiku ule nikafuta kumi na mbili, nikaandika sifuri.
Pengo likafumba.
Si kwa maelfu: kwa mamia, karibu na hata.
Nikakaa nikiitazama ile namba safi,
namba niliyoitafuta siku tatu,
na sikuipenda.

Daktari hukubali kitabu, hati, barua yenye muhuri.
Asubuhi nilirudi ukumbini viti havijakunjwa,
nikaketi alipoketi Bi Netta,
nikaelekeza nukta nyekundu kwenye kiti cha yule bwana.

Tanbihi ya kumi na saba:
N. Geddes, mfumaji mstaafu. Kusoma midomo.
Umbali, mita kumi na nne na nukta mbili.